Kung'oa siti ya mbele nyumbani: kuna plagi ya njano chini yake, naogopa kuigusa

MamaPili_Kimara

Wakuu habari za jioni.

Nina RAV4 ya mwaka 2008, ile iliyotoka Japani, siti za kitambaa, za kusogeza kwa mkono. Kapeti la mbele upande wa abiria limelowa na linanuka uvundo kiasi kwamba mtu akipanda anashusha kioo kabla hajafunga mkanda. Nimetoa mati, nimetandika magazeti, nimelianika gari juani milango wazi. Juu kunakauka vizuri, lakini ukikandamiza kwa kidole maji yanapanda.

Fundi wa hapa mtaani kasema siti lazima ing'oke ili kapeti liinuliwe. Bei yake sikuwa na ugomvi nayo. Alivyoanza kazi ndiko kulikonitisha: amekuja na ile mashine ya kufungulia nati za tairi, kaingiza mkono chini ya siti, kashika waya na kuuvuta "aone umeishia wapi". Nikamwambia asante kaka, nitakupigia.

Sasa nataka kuifanya mwenyewe hapa nyumbani na mdogo wangu. Yuko VETA, anasoma ufundi bomba, magari siyo fani yake, lakini ana mkono mzuri na hana haraka. Soketi tunazo, raketi tunayo.

Nimechungulia kwa tochi. Chini ya siti kuna plagi mbili, moja nyeupe na moja ya njano, tena hata waya wake ni wa njano. Ubavuni mwa siti upande wa mlango kuna lebo ndogo, SRS AIRBAG. Ile ya njano nikiichomoa inaweza kulipuka? Na gari likiwa halina siti naweza kuliwasha nilisogeze, maana hapa kwetu linaziba geti? Bolti wakati wa kurudisha zinakazwa kiasi gani? Halafu ikishatoka nilitaka niipeleke kabisa kwa fundi wa siti aivalishe ngozi. Kuna ubaya?

Dereva_Mabibo

Dada, hiyo kazi ndogo sana. Bolti nne, chomoa waya, toa siti. Mimi nimeng'oa za Noah mara kibao nikipakia mizigo, hakuna kilicholipuka. Usiwape watu hela bure.

Mzee wa Nyaya

Marahaba binti, najua ungeniamkia.

Mimi ni fundi umeme wa magari, nipo Tabata. Hizo plagi za njano zinanilisha. Karibu kila wiki linaletwa gari ambalo mtu alitoa siti kufagia tu, au kupakia friji, na sasa taa ya eabegi haizimi. Ndugu yangu wa Mabibo hapo juu kasema kweli kwamba bolti ni nne. Ila Noah nyingi za zamani hazina kitu ndani ya siti, kwa hiyo hata angeng'oa kwa shoka zingetoka salama. Wewe lebo umeiona kwa macho yako. Ndani ya ule ubavu umekunjwa mfuko, na nyuma ya mfuko kuna kikopo cha gesi kinachofyatuliwa na umeme mdogo sana.

Kulipuka kwanza. Kuchomoa plagi peke yake hakufyatui kitu. Waliotengeneza walifikiria: plagi ikitoka, ndani yake kuna kijibati cha springi kinachozigusanisha pini mbili zinazokwenda kwenye mfuko, ili umeme wa kupotea usipate pa kufanyia kazi. Hatari ipo kwenye mambo mawili. La kwanza ni kuchomoa wakati mfumo una umeme. La pili ni fundi mwenye mita au taa ya kupimia anayegusa zile pini kuona kama waya "uko hai". Mita hutoa umeme wake yenyewe, na mfuko hauulizi umeme umetoka wapi. Mtu yeyote akikaribia plagi ya njano ameshika mita, mwondoe hapo nyumbani kwako, awe mdogo wako au mimi.

Sasa umeme unautoa namna gani? Zima gari, toa funguo, fungua waya wa negativu wa betri kwa spana namba 10, uvute pembeni na uufunge kitambaa usirudi kugusa. Halafu usifanye lolote. Kompyuta ya eabegi ina kapasita ndani, akiba yake ya umeme, kwa sababu kwenye ajali betri inaweza kukatika kabla mifuko haijafunguka na bado mifuko itatakiwa ifunguke. Kwa hiyo betri imetoka, lakini ile kompyuta bado ina pumzi. Toyota wanataka usubiri angalau sekunde 90. Vijana wangu nawaambia nendeni mkanawe, mnywe maji, ndipo mrudi. Hakuna aliyewahi kufukuzwa kazi kwa kusubiri dakika tano.

Kabla ya betri, kitu kimoja ambacho watu wa magari ya Japani hukigundua kwa machungu: redio. Kama ni ile ya kiwandani yenye ramani, ikikosa umeme inaweza kujifunga na kudai namba ya siri, kwa Kijapani. Kama tayari umeweka redio ya Kariakoo basi huna shida. Vioo vya kujipandisha vyenyewe navyo vinaweza kusahau. Umeme ukirudi, pandisha kioo mpaka juu na uendelee kushikilia swichi kidogo, kitakumbuka.

Kuhusu geti: usiwashe. Ukifungua swichi plagi ya njano ikiwa nje, kompyuta itaona mfuko haupo na itaandika hitilafu. Magari mengine taa huzima yenyewe plagi ikirudi, mengi hubaki inawaka mpaka yafutwe kwa mashine. Na taa ikiwaka usidhani ni ule mfuko mmoja tu umelala, mfumo mzima unaweza kuwa umejizima. Usipange pia kulisukuma, maana gia ya otomatiki bila betri haitoki kwenye P kirahisi. Lipeleke gari pale litakapolala, sehemu tambarare, kabla hujagusa spana yoyote. Wenye nyumba wengine wavumilie usiku mmoja.

Kung'oa kwenyewe ni hivi. Toa kiegemeo cha kichwa, siti inakuwa fupi na nyepesi kupita mlangoni. Isogeze nyuma mpaka mwisho, utaziona bolti mbili za mbele. Isogeze mbele mpaka mwisho, utazipata mbili za nyuma zikiwa zimefunikwa na vifuniko vya plastiki. Hivyo vibandue taratibu kwa kisu cha mezani kilichofungwa tambara, vina meno madogo yanayovunjika. Soketi ni namba 14. Legeza zote nne kwa mkono, hiyo mashine ya tairi isiingie ndani ya gari. Bolti zikishatoka usiibebe bado. Ilaze siti kwa nyuma, mdogo wako aishikilie, wewe upige tochi chini yake. Gusa chuma cha mwili wa gari kwanza, ili kama una umeme wa mwilini uishie huko, kisha bonyeza kidole cha kufuli cha plagi na uvute kwa kushika plagi yenyewe. Waya usiuvute. Hapo ndipo yule fundi wako alipoanza kukosea.

Kwenye kizingiti cha mlango tandika taulo nene. Reli za siti zina ncha kali na grisi nyeusi, zikikwaruza rangi au kugusa kitambaa utanikumbuka. Siti hii ya mkono inaweza kufika kilo 20 hivi, watu wawili mnaimudu. Asiibebe mtu kwa kushika kichomekeo cha mkanda, na asiinue kwa ule mshikio wa mbele wa kusogezea. Mshikio huo ukivutwa hewani reli zinateleza, tena hazitelezi sawa. Nitalirudia hili baadaye, limewatesa wengi.

Nje, iweke wima mahali pakavu, ubavu wenye lebo usielekee ukutani wala usilaliwe na kitu. Watoto wasiigeuze kochi la barazani.

Kukaza: kwa Toyota bolti hizi za siti ni Nm 37. Azima toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, wauza matairi wengi wanayo. Zaidi ya namba hiyo kuna utaratibu. Ingiza zote nne kwa vidole, kila moja izunguke mizunguko kadhaa bila spana. Ikigoma kwa vidole haijakaa sawa, usiilazimishe. Zote zikishaingia ndipo ukaze. Angalia pia kwamba chini ya miguu ya reli hakuna waya wala ukingo wa kapeti uliobanwa, maana bolti iliyokazwa juu ya kapeti inajiona imekaza, na kapeti likija kulala siti inacheza.

Mwisho kabisa plagi zote, halafu ndipo betri. Wakati wa kurudisha betri na kufungua swichi mara ya kwanza, asiwepo mtu juu ya siti hiyo. Taa ya eabegi itawaka kama sekunde 6 na kuzima. Ikizima, umemaliza.

Na nikuulize: hayo maji yanatoka wapi? Kama hukupita kwenye mafuriko, usije ukakausha kapeti halafu wiki ijayo tunaanza upya. Magari yetu ya usukani wa kulia, AC mara nyingi hutoa maji upande wa abiria kupitia kibomba kinachotokea chini ya gari. Kikiziba kwa matope au majani, maji yanarudi ndani, tena pale pale unapoeleza wewe. Washa AC dakika ishirini, chungulia chini. Kama hakudondoki tone na hali ya hewa ya Dar ndiyo hii, umeshapata mchawi.

Ngozi waachie wanaoshona wakujibu. Mimi nina neno langu lakini nisubiri.

Kaka wa Nyali

Salaam kutoka Mombasa. Mzee amesema yote, mimi naongeza la sisi tunaokaa na chumvi.

Sekunde 90 ni za Toyota. Mimi nina X-Trail, na Nissan wanataka dakika 3, Honda vilevile. Mwenye gari lingine asichukue namba ya Toyota akaenda nayo.

La pili ni kutu. Kapeti likikaa na maji, bolti za siti huliwa kwa chini ambako huoni. Ukiona imekataa, usiongeze bomba refu kwenye raketi ukavunja kichwa. Piga dawa ya kutu, iache usiku kucha, asubuhi kaza kidogo kwanza kisha fungua, rudi nyuma na mbele mpaka ilegee. Ikitoka, isugue nyuzi kwa brashi ya waya.

Na ikiwa imeharibika, tafadhali usiende hadiwea. Bolti hizi za Toyota ni milimita 10 zenye uzi mwembamba wa 1.25. Ile utakayopewa hadiwea ukisema "namba kumi" mara nyingi ni uzi wa 1.5. Itaingia mizunguko miwili, itashika, utadhani imekaza kumbe imekula uzi wa sakafu ya gari lako. Tena chuma chake huenda ni cha kufungia mlango wa banda. Kumbuka kichomekeo cha mkanda kimefungwa kwenye siti. Gari likigonga, sehemu kubwa ya uzito wa mtu inavutwa na hizo bolti nne. Tafuta ya kung'olewa kwenye gari kama lako, hapa tunazipata kwa wauza spea kuukuu, na nyinyi huko Dar mna soko la spea la Gerezani.

Fundi Siti Sinza

Dada MamaPili, mimi ndiye hao wanaoshona.

Ngozi inawezekana, ila huo ubavu wenye lebo mimi siugusi. Naacha kitambaa cha kiwandani, nachagua ngozi ya rangi inayokwenda nacho, nashona kati na mbele. Sababu ni mshono. Ukiangalia kwa karibu ubavuni utaona mstari mmoja wa uzi tofauti kidogo na mingine. Mfuko hutokea hapo, uzi ule umewekwa ukatike. Mimi nikiupitia kwa uzi wetu wa ngozi, ule wa kuburuta ng'ombe, mfuko utafunguka ndani ya siti na kumsukuma abiria badala ya kumkinga.

Wateja hugomba, wanasema siti imekuwa ya vipande. Wengine huenda kwa jirani yangu anashona yote na wanafurahi. Sawa.

Hizi siti kava za kuvalisha zinazouzwa barabarani ni hivyo hivyo. Zinazozunguka mgongo wote wa siti bila nafasi ubavuni, kwa siti ya namna yako usinunue.

Na ukiileta, niambie kabisa kwamba ina eabegi. Vijana wa karakana hufungua sponji kwa kuchoma na kuvuta, tena kuna anayekausha gundi kwa hita.

Mzee wa Nyaya

Fundi Sinza, Mungu akuweke. Hilo ndilo neno nililokuwa nalo, na umelisema vizuri kuliko mimi.

Niongeze kuhusu wanaosafiri na siti tu kwenda karakana. Nimemwona mtu mzima na heshima zake anaendesha kutoka Buguruni amekalia kreti la soda kwa sababu siti ya dereva iko kwa fundi. Mkanda kauvaa, lakini kichomekeo kilikuwa kwenye siti, sijui aliufunga wapi. Siti ipelekwe kwa bajaji au pikapu, gari lilale.

MamaPili_Kimara

Shikamoo Mzee. Asanteni wote.

Nimewasha AC kama ulivyosema, chini ya gari pakavu kabisa. Mdogo wangu akaingia uvunguni, kibomba akakiona, ncha yake imezibwa na udongo uliokauka kama kizibo. Kakichokoa kwa kipande cha waya wa plastiki, yametoka maji machafu yakamwagika usoni kwake. Kafurahi kuliko alivyofurahi matokeo ya mtihani.

Betri tumetoa, redio ni ya Kariakoo hivyo haikulalamika. Bolti tatu zimetoka. Ya nne, ya nyuma upande wa katikati ya gari, imegoma. Tumepiga dawa tumeacha. Swali: ikitoka na kapeti likiinuka, lile sponji la chini naling'oa? Linaonekana nene kweli, kama godoro. Na mwanamke mwenzangu kanishauri nimwage maji ya sabuni yenye dettol kapeti likiwa humo humo nitoe harufu.

Mzee wa Nyaya

Marahaba. Usimwage kitu chochote humo ndani. Kompyuta ya eabegi tunayoizungumza toka juzi, kwenye magari mengi imefungwa sakafuni katikati, chini ya kile kiboksi cha gia, na chini ya kapeti hupita nyaya nene za gari zima. Maji ya AC yakikaa pembeni ni uvundo. Ndoo ya sabuni ikifika pale ni bei ya kompyuta.

Sponji kama limeshikana na kapeti usilichane. Inua ukingo wa kapeti, weka vipande vya mbao chini liwe kama paa la banda, elekeza feni ipulize ndani usiku kucha. Kabla ya hapo kandamiza na taulo kavu, utashangaa zinavyonywa. Hita na draya ya nywele usisogeze, nyaya zina mkanda wa plastiki unaolainika. Harufu ikibaki baada ya kukauka kabisa, hapo ndipo ufute kwa kitambaa kilichokamuliwa, chenye sabuni kidogo.

Ukiwa umeinua, angalia bati la sakafu. Ukiona kutu, isugue upake rangi ya kuzuia kutu, hutapata tena nafasi nzuri kama hii. Na mashimo yanayopokea bolti yapulize, mchanga usibaki ndani.

Mswahili wa Reading

Nawasoma kutoka Uingereza. Huku gari likishafika miaka 3 linakaguliwa kila mwaka, na taa ya eabegi ikibaki inawaka linafeli hapo hapo. Kwa hiyo watu wamejifunza ujanja: mtandaoni wanauza kijirezista unachochomeka kwenye plagi ya njano mahali pa siti, kompyuta inadhani mfuko upo, taa inazima, gari linapita. Halafu linauzwa. Na magari mengine ya mkononi kutoka huku yanaishia kwenu.

Mzee, mtu akinunua gari atajuaje kama lina hicho kitu?

Mzee wa Nyaya

Huko hamjatushinda, hapa vipo tena havinunuliwi, vinatengenezwa na vijana kwa rezista ya redio mbovu. Wengine hawafiki hata huko, wanatoa balbu ya taa kwenye dashibodi au wanaibandika kipande cha gundi nyeusi.

Mnunuzi afanye mambo mawili tu. Afungue swichi bila kuwasha injini aone taa ya eabegi inawaka kisha inazima. Isipowaka kabisa, balbu imetolewa au imezibwa, na huyo muuzaji ana siri. Halafu apige magoti na tochi achungulie chini ya siti. Lebo ikisema AIRBAG, plagi ya njano lazima iwe imechomekwa na waya wake unapanda ndani ya siti. Ukikuta plagi inaning'inia na kitu kimechomekwa kimefungwa gundi ya umeme, teremsha bei au ondoka. Mimi ningeondoka.

Hili linamhusu pia mwenye kununua siti kuukuu. Siti ya gari lililogonga au lililozama usiichukue kwa uzuri wa kitambaa. Na siti isiyo na eabegi usiiweke kwenye gari lenye eabegi ukaja kwangu unitake nizime taa. Nitakufukuza kwa adabu.

MamaPili_Kimara

Shikamoo Mzee, na wote.

Bolti ya nne ilitoka asubuhi bila ugomvi, Kaka wa Nyali ubarikiwe. Ilikuwa na kutu lakini uzi wake mzima. Kapeti limekauka, harufu imekwisha. Siti nimeirudisha bila ngozi, nimeona kitambaa bado kinanifaa na pesa ina kazi nyingine. Toki renchi nimeazima kwa muuza matairi wa Kimara Mwisho, akanidai niache kitambulisho.

Taa imewaka, imezima. Nilisimama nje ya mlango nikaingiza mkono tu kufungua swichi, mdogo wangu akanicheka.

Sasa kimebaki kitu kidogo. Siti nikiisogeza mbele au nyuma inashika, lakini nikikaa na kujisukuma kwa miguu, upande wa mlango unatikisika kidogo na kutoa mlio. Upande wa katikati hautikisiki. Bolti nimekagua zote zimekaza.

Mzee wa Nyaya

Marahaba. Hilo ndilo nililosema nitalirudia. Mlipoibeba mmoja wenu alishika mshikio wa mbele. Reli mbili zilipoteleza hewani zilipishana, sasa upande mmoja umeingia jino na mwingine umesimama katikati ya meno mawili. Usilipuuze. Siti iliyoshikwa upande mmoja, ukifunga breki kali upande wa pili unaweza kuteleza.

Anza na rahisi. Vuta mshikio mpaka juu, isogeze siti mpaka mwisho wa nyuma kwa nguvu kidogo mpaka igonge, halafu mpaka mwisho wa mbele igonge. Mara nyingi reli iliyochelewa inamfikia mwenzake hapo. Achia mshikio, kisha isukume kwa mikono mbele na nyuma bila kukaa. Usikilize milio miwili ya kufunga, kulia na kushoto.

Isipokubali, bolti zinalegezwa zote nne. Zisitolewe, zilegezwe tu. Rudia huko mbele na nyuma, zikusanye reli zilingane, kaza mbili za mbele, kisha za nyuma, kwa Nm 37 zile zile. Plagi hazihitaji kuguswa kwa kazi hiyo, na swichi iwe imezimwa muda wote.

MamaPili_Kimara

Ya kwanza haikufanya kitu. Ya kulegeza bolti imefanya. Milio miwili imesikika, haitikisiki tena. Toki renchi narudisha kesho nichukue kitambulisho changu.

Dereva_Mabibo

Mzee, Noah yangu ni ya 2005. Nimeenda kuchungulia ubavuni. Lebo ipo.

Mzee wa Nyaya

Na taa yako ya eabegi ikifunguliwa swichi inawaka?

Dereva_Mabibo

Haiwaki kabisa.

Mzee wa Nyaya

Njoo nalo Tabata. Usichomoe kitu.